Kabla ya Kupiga Picha Kariba, Jua Maji Yalifunika Nini

Picha yangu ya kwazi, yule tai mla samaki, juu ya mti mkavu katikati ya Ziwa Kariba, mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, imechaguliwa kuwa jalada la kalenda, na tangu hapo ujumbe ni mmoja tu: "Kaka, ulitumia kamera gani?" Kamera ya kawaida kabisa, wadogo zangu. Swali la kuniuliza ni ule mti.

Ule mti ulikuwa msitu. Mto Zambezi ulipozibwa kwa bwawa mwishoni mwa 1958, maji yalipanda yakafunika bonde zima, na miti hiyo bado imesimama hadi leo. Wanyama walikwama kwenye vilima vilivyogeuka visiwa. Askari wa wanyamapori Rupert Fothergill na wenzake wakawafuata kwa boti, wakaokoa maelfu, na wengi wakaachiwa Matusadona, upande wa Zimbabwe, ambako pamekuwa Hifadhi ya Taifa tangu 1975. Watonga, wenyeji wa bonde hilo, wapatao 57,000 nao walihamishwa, na wao hawakuulizwa.

Mimi ni mtoto wa Kigoma. Usiku nilipoona taa za wavuvi Kariba nilijihisi niko nyumbani, na ni haki yangu: dagaa wanaovuliwa pale, wenyewe wanawaita kapenta, walitolewa Ziwa Tanganyika wakapandikizwa huko miaka ya 1960.

Kuna hoteli ilishawahi kunirudishia picha zangu zote kwa sababu "hazina simba". Iliniuma, na bado inaniuma. Lakini niliendelea na ndege wangu.

Sasa ushauri. Mwambie nahodha azime injini mapema, boti isogee yenyewe. Mnandi, ndege wa majini, akiwa ametandaza mbawa kuzikausha, mwache amalize. Kwazi usimpige picha akiwa ametulia. Ngoja arushe kichwa nyuma akipiga kelele, shingo nyeupe yote iko wazi, hapo ndipo ubonyeze. Halafu ngoja tena. Vijana wenzangu, tunapenda mno njia ya mkato: tunashuka kwenye gari, tunapiga, tunaposti, na mahali penyewe hatupajui hata jina. Soma kwanza. Uliza kwanza. Ngoja.

Nenda Septemba au Oktoba. Maji yanakuwa yameshuka, majani mabichi yanaota ufukweni, na nyati na tembo wanateremka kuyala mbele ya macho yako. Na kabla hujapanda boti, tafuta mzee wa Kitonga akuonyeshe kijiji chao kilikuwa upande gani.