Alama 40 za mwanzo: kwa anayeanza chuo

Muhula wa Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, una wiki 17: 15 za kufundishwa na 2 za mitihani. Kwa mgeni hizo ni nyingi. Lakini ya kwanza inaliwa na utambulisho, ya pili na kutafuta vyumba vya mihadhara, ya tatu ratiba bado inabandikwa na kubanduliwa, na ukija kushtuka jaribio la kwanza ni Alhamisi hii.

Kabla ya vitabu kuna usajili, na hapo wengi hujikwaa bila kujua. Kulipa ada siyo kusajiliwa. Katika vyuo vya serikali unaingia kwenye akaunti yako ya mtandaoni, unatoa namba ya malipo ambayo kila mtu anaiita PRN, unalipia benki au kwa simu. Namba hiyo ina tarehe ya kufa, kwa hiyo usiitoe leo ukalipe mwezi ujao. Ukishalipa, rudi kwenye akaunti: jiandikishe kwa muhula, kisha sajili kozi zako moja baada ya nyingine. Anayeishia kwenye risiti huketi darasani muhula mzima, akafanya kazi zote, halafu alama zake zikakosa mahali pa kuandikwa. Hesabu kozi zilizo kwenye ratiba, hesabu zilizo kwenye ukurasa wako wa usajili. Zisipolingana, nenda kwa msajili wiki hiyohiyo. Uliyesomea sekondari Kenya, Tanzania au Kongo, vyeti vyako vinapitia UNEB, baraza la mitihani la Uganda, kulinganishwa na vya Uganda. Shughulikia hilo mapema na ubebe vyeti halisi.

Sasa tuje kwenye alama zenyewe. Kozi nyingi hugawanywa 40 kwa kazi za muhula na 60 kwa mtihani, nyingine 30 kwa 70. Muulize mhadhiri siku ya kwanza. Kufaulu ni 50. Mwenye 28 kati ya 40 anaingia mtihani akihitaji 22 tu kati ya 60. Mwenye 14 anahitaji 36, yaani asilimia 60 ya karatasi ngumu, katika wiki ambayo ana karatasi nyingine nne. Wote wawili huenda wana akili sawa. Tofauti ni kwamba mmoja alipeleka kila kazi, hata ile ya alama 5 iliyoonekana ya kitoto.

Kisha kuna uzito wa kozi. Pale Makerere alama 80 na zaidi ni pointi 5, 75 ni 4.5, 70 ni 4, na kuendelea kushuka hadi 50 ambayo ni pointi 2. Pointi huzidishwa kwa krediti za kozi, yaani namba inayoonyesha uzito wake. Ukipata 5 kwenye kozi ya krediti 3 na 3 kwenye kozi ya krediti 4, jumla ni 27, gawanya kwa 7: 3.86. Zigeuze, 5 iwe kwenye ile ya krediti 4, unapata 4.14. Juhudi ni ileile, imewekwa mahali tofauti tu. Kwa hiyo usitumie usiku wako mzima kwenye kozi unayoipenda yenye krediti 2.

Wapo watakaokuambia mwaka wa kwanza ni wa kuzoea. Piga hesabu mwenyewe. Daraja la kwanza la shahada linaanzia wastani wa pointi 4.40. Ukimaliza mwaka wa kwanza na 3.0 katika shahada ya miaka 3 yenye krediti sawa kila mwaka, hata ukipata 5 tupu miaka miwili iliyobaki, wastani wako ni 4.33. Mlango umefungwa ukiwa bado hujajua njia ya maktaba.

Ugonjwa mkubwa wa vyuo vyetu, hata hivyo, ni alama kupotea. Umefanya jaribio, jina liko, alama hakuna. Sababu ni chache na zinajulikana. Ya kwanza ni namba: una namba ya mwanafunzi na una namba ya usajili, na ni vitu viwili tofauti. Andika ile inayotakiwa juu ya karatasi, na uinakili kutoka kwenye kitambulisho, usiitegemee kichwa. Ya pili ni kutosaini orodha ya waliohudhuria. Karatasi ikipotea, saini hiyo ndiyo shahidi wako. Ya tatu ni kumkabidhi mwenzako kazi akupelekee. Peleka mwenyewe. Piga picha ya kila kazi kabla haijatoka mkononi, tunza iliyosahihishwa ikirudi, na ununue folda moja ngumu ya kuweka vyote hadi siku ya kuhitimu. Ukiona pengo, dai muhula huohuo: andika barua fupi yenye namba yako, msimbo wa kozi, tarehe ya jaribio, na uambatanishe nakala. Mhadhiri akiondoka chuoni, kuifuata alama moja ni kazi ya miezi.

Kazi za kikundi zina taabu yake. Kikundi cha kumi huwa na watatu wanaofanya na saba wanaouliza "tumefika wapi?" Gawaneni sehemu siku ya kwanza, kila mmoja na tarehe yake, na mmoja aunganishe siku mbili kabla ya mwisho. Kabla ya kuchapisha, soma ukurasa wa mbele kwa sauti, jina na namba ya kila mtu. Jina lililosahaulika pale ni sifuri. Wala usingoje asubuhi ya kupeleka: duka la fotokopi litakuwa na foleni, na umeme una tabia ya kukatika saa hizo hizo.

Hosteli za Kikoni na Wandegeya, mitaa ya jirani na Makerere: kabla ya kulipa muhula mzima, fungua bomba, uliza Yaka, umeme wa kulipia kabla, analipa nani, na udai risiti yenye namba ya chumba. Rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) na kikomando (chapati na maharage) vitakushibisha, ila chapati tatu mara mbili kwa siku utazihisi mhadhara wa saa nane. Septemba hadi Novemba mvua ya Kampala hunyesha ghafla, na bodaboda hupandisha bei tone la kwanza likianguka. Siku ya mtihani toka saa nzima mapema, na kibali cha mtihani na kitambulisho uviweke kwenye mfuko wa nailoni tangu usiku.