Kamera ya filamu ya Pentax K1000 inayokwama kwenye sekunde 1: usianze kwa kutia mafuta

Ndugu, umesema K1000 uliyoachiwa na mjomba ina mambo matatu: picha zina michirizi myekundu pembeni, mshale wa kipima mwanga hausogei, na shata (mapazia yanayofunguka kuruhusu mwanga ufike kwenye filamu) inakwama ukiiweka sekunde 1. Unauliza kama uipeleke Nairobi. Mimi niko Kisumu, kamera zangu nazitengeneza mwenyewe, na karibu kila kamera kuukuu ninayoipata huku inaugua haya haya. Usilipe nauli bado.

Mshale ni jambo dogo. Shata ya K1000 inaendeshwa na springi; betri ni ya kipima mwanga tu. Fungua kifuniko cha betri chini kwa sarafu. Ukiona ukungu wa kijani, sugua kwa pamba yenye siki kidogo, kisha spiriti, iache ikauke, halafu weka LR44 mpya. Kamera hii haina swichi ya kuzima, kwa hiyo lenzi ikikaa bila kifuniko betri inaliwa. Mshale ukigoma kabisa, endelea kupiga tu: jua la saa sita, filamu ya ISO 100, weka tundu la lenzi f/16 na kasi ya shata 1/125 ya sekunde.

Michirizi myekundu inatokana na mwanga unaopenya mlango wa nyuma, unaifikia filamu kwa mgongoni. Sponji iliyokuwa ikiuziba imeoza, imekuwa kama lami. Ikwangue kwa kijiti cha mbao na spiriti, makombo yasiangukie pazia la shata. Kwenye mifereji laza uzi mweusi wa sufu wa kufumia. Upande wa bawaba bandika kitambaa cheusi kinene chenye manyoya. Vyote unavipata soko la Kibuye kwa bei ya chai. Sponji iliyo juu ya kioo cha ndani, nyuma ya lenzi, pia ibadilishe, ila kioo chenyewe usikipanguse: tabaka lake linaloakisi liko juu ya glasi, linachubuka. Kipulize kwa pampu ya mpira, basi.

Sasa shata, na hapa ndipo kamera nyingi nzima zinapouawa. Kasi kuanzia 1/30 kushuka hadi sekunde 1 zinategemea gia ndogo za kuchelewesha. Toa filamu, fungua mgongo, piga kwa sekunde 1 ukitega sikio. Mlio unatakiwa uwe mmoja, sawasawa mpaka mwisho. Ukisita katikati, mafuta ya zamani yameganda kwenye ekseli. Kutia WD-40 au mafuta ya cherehani ni kuiua polepole, maana yanatambaa hadi kwenye pazia la kitambaa na visu vya lenzi (vinavyopunguza au kuongeza tundu lake), ambavyo havitakiwi kuona mafuta kamwe. Kinachotakiwa ni kuosha. Fungua bamba la chini, chovya ncha ya sindano kwenye petroli ya viberiti vya Zippo, gusisha tone kwenye ekseli za gia zinazofikika, kisha piga tena na tena mpaka mlio unyooke. Fanyia kazi hii nje, mbali na jiko.

Skrubu za Kijapani zina mtindo wake wa kichwa cha nyota, unaoitwa JIS (kiwango cha Kijapani). Bisibisi ya nyota ya kawaida inazila vichwa, na skrubu iliyoliwa ni shida kuliko gia iliyoganda. Ulizia kwa mafundi wa saa. Piga picha kwa simu kila hatua, na kila skrubu ibandike kwenye karatasi kwa mpangilio, kwa sababu urefu wake hutofautiana.

Ukimaliza, elekeza kamera kwenye ukuta mweupe, bila lenzi, upige 1/1000 huku simu ikirekodi video ya mwendo wa polepole kutoka nyuma. Upande mmoja ukibaki mweusi, mapazia mawili hayaendi sambamba. Hiyo mpelekee fundi mwenye kipimo. Kukaza springi kwa kubahatisha kunaharibu kasi zote.

Na kama kamera ina mkoba wake wa ngozi, uuache. Unyevu wa ziwa unakaa humo na kuvu inakula lenzi. Weka kamera kwenye kopo la plastiki lisilopitisha hewa, pamoja na vile vifuko vya silika vinavyokuja na viatu.

Kabla hujafungua bamba la chini, niandikie mlio wa sekunde 1 unasita mwanzoni, katikati au mwishoni.