Baba ni wa hela na viboko tu?

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni Mtanzania, nimeolewa na Mchina na tunaishi Guangzhou. Mwanetu ana miaka minne. Baba yake hurudi usiku mtoto kashalala, kwa hiyo nalea mimi na mama mkwe. Mwalimu wa chekechea hachoki kuniandikia WeChat: leo kampiga mwenzake, kesho kang'ata. Mume wangu anasema yeye kazi yake ni kuleta hela, na mtoto akizidi, viboko. Nifanyeje? Mama Kijana.*

Marahaba, mwanangu. Usimtwike mumeo lawama zote. Mtoto wa umri huo anayekulia kwenye lugha mbili tatu, maneno yakimkwama mkono hutangulia. Tafiti nyingi za familia za Kichina zinaona kwamba watoto ambao baba zao wanashiriki malezi huwa na ugomvi mdogo, lakini hata mtoto msumbufu humkimbiza baba, kwa hiyo ni vigumu kusema kipi kimeanza.

Viboko ndivyo vinavyonitia wasiwasi. Mtoto asiyemwona baba ila siku ya kuchapwa anajifunza kuwa mwenye nguvu ndiye anayepiga, na chekechea mwenye nguvu ni yeye. Tena sheria ya malezi ya familia iliyoanza kutumika China Januari 2022 inataka wazazi wote wawili washiriki, na inakataza ukatili.

Kama mumeo yuko kwenye ile ratiba ya 996, saa tatu asubuhi hadi saa tatu usiku, siku sita kwa wiki, najua hana nafasi. Mahakama ya juu ya China ilishasema mwaka 2021 kuwa ni kinyume cha sheria, ila hilo usimpelekee mezani kwenye chakula! Mwombe asubuhi: amvalishe mtoto, ampeleke chekechea, wapige soga njiani. Akimvalisha fulana nyuma mbele, nyamaza. Mama mkwe naye anyamaze, na hapo ndipo penye kazi. Akikuambia malezi si ya wanaume, mkumbushe kwa upole msemo wa kwao, kwamba kulisha bila kufundisha ni kosa la baba.

Halafu mwombe mwalimu amwandikie na baba. Kwa nini malalamiko yote yaingie kwenye simu yako?