Uvimbe wa sentimita 2.5 kwenye ini: kupasua au kuchoma?

Dada uliyeuliza kuhusu mama yako kule Kakamega, kwamba daktari mmoja anataka kumpasua na mwenzake kuuchoma uvimbe huo wa saratani kwa joto linalopitishwa kwenye sindano: pole sana. Mzee wetu hapa Kisumu alipitia hayo hayo.

Usianze na uvimbe. Anza na ini lililobaki. Daktari wa mzee aliweka kidole kwenye karatasi ya maabara, penye bilirubini na albumini, vipimo vinavyoonyesha ini linavyofanya kazi, kisha akambonyeza tumbo kutafuta maji. Homa ya ini B ilikuwa imelijaza ini makovu. Ukikata kipande cha ini la namna hiyo, kilichobaki kinaweza kushindwa kazi. Ikiwa ini la mama bado lina nguvu na presha ya mshipa mkuu unaoingiza damu kwenye ini haijapanda, mimi ningeegemea upasuaji.

Uvimbe usiozidi sentimita 2, kuchoma na kupasua hukaribiana sana kwa matokeo. Ukipita 3, upasuaji huongoza. Wa mama uko katikati, kwa hivyo mahali ulipo ndipo panapoamua. Ukiwa kando ya mshipa mkubwa, damu inayopita hubeba joto na seli za saratani hubaki hai. Ukigusana na utumbo au kibofu cha nyongo, joto linaweza kuviunguza. Mwombe daktari akuonyeshe kwenye picha yenyewe.

Kupandikiza ini huondoa saratani pamoja na ini bovu. Vigezo vya Milan vya 1996, vinavyotumika kuamua nani apandikizwe, hukubali uvimbe mmoja usiozidi sentimita 5, au hadi mitatu, kila mmoja usiozidi 3. Kwa ukubwa mama anaingia, ila lazima apatikane wa kutoa ini, na gharama ni kubwa mno.

Mzee alichomwa. Alitoka na kitobo chini ya mbavu na maumivu ya bega la kulia, yakaisha. Lakini saratani hii hurudi sana, hata kwa waliopasuliwa: ndani ya miaka 5 hurudi kwa zaidi ya nusu yao. Kwa hivyo skani haziishi, na tenofovir yake, dawa ya kuzuia virusi vya homa ya ini B, hamezi siku akijisikia tu, ni kila siku.

Kama chanzo ni homa ya ini B, wewe na ndugu zako mpimwe sasa. Chanjo yake iliingia kwenye ratiba ya watoto Kenya mwanzoni mwa miaka ya 2000, wengi wetu tulikuwa tumeshazaliwa. Na mkienda kutafuta maoni ya pili, bebeni sidii ya skani, si ripoti peke yake.