Mgomba wako huku Uingereza utauawa na maji, sio theluji

Nyie mliofika juzi mkakuta migomba inauzwa gaden senta mkanunua mbio mbio kwa hamu ya matoke, someni kibandiko kwanza. Kama ni Musa basjoo matoke sahauni, vidole vyake vidogo vimejaa mbegu na havilikiki, ila huo ndo unavumilia baridi na unaweza kulala nje. Kavendishi fupi (mgomba mfupi wa ndizi za kula) na ensete (jamaa wa mgomba) hao wa kuingia ndani, hakuna mjadala.

Sasa huo wa nje, usikimbilie kuufunga Septemba bado unakua. Subiri ile baridi ya kwanza iunguze majani yawe meusi, kwa wengi ni Novemba hivi, kata majani yote acha shina kama mita moja, zungushia wavu wa kuku ukiacha nafasi ya kiganja pande zote halafu jaza nyasi kavu, usishindilie sana. Mpaka hapo kila mtu anajua, shida inaanzia juu. Shina lililokatwa ni kikombe, mvua ya huku haiishi, maji yanashuka mpaka kwenye moyo, pale jani jipya linapotokea, unaoza, afu Machi mtu analia eti theluji imemuulia mgomba! Weka bati au ndoo juu, chochote kinachozuia mvua, ila pembeni usizungushie nailoni maana unyevu unabaki humo humo na ni yale yale. Januari chomeka mkono katikati, nyasi zikiwa zimelowa toa zote weka kavu.

Ukifungua Aprili ukakuta shina limelainika kama uji usiling'oe jamani. Kata kipande kipande kushuka chini mpaka ukute nyama ngumu nyeupe, jani jipya litachomoza hapo hapo katikati. Hata likifa lote, tunguu lililoko ardhini mara nyingi linachipua, sa wewe subiri mpaka Juni ndo ukate tamaa. Na kitambaa cha kufunikia jani changa usikitupe stoo, Mei nayo huwa inarudisha baridi usiku.

Ensete ni kesi nyingine. Ni wa kwetu kabisa huo, unamea milimani Afrika Mashariki, na Ethiopia wanakula wanga wa shina na tunguu lake. Hautoi machipukizi kirahisi kama migomba mingine, kwa hiyo moyo ukioza umekwisha. Ng'oa kabla ya barafu, kata majani uache lile changa la katikati, upindue kichwa chini siku kadhaa maji yaliyojificha kwenye maganda yachuruzike, ndo uingize gereji isiyoganda, maji usimwagie.

Kavendishi kaa nayo dirishani mbali na hita, mwagilia pale udongo unapokauka tu. Hewa kavu ya hita inaleta utitiri, utaona vitandotando chini ya jani, futa na kitambaa chenye maji kila wiki hasa ile mishipa ya katikati. Mbolea usiweke mpaka majira ya kuchipua, usiilazimishe kukua gizani.