Hisa za tiba ya akili kwa kompyuta: uliza nani analipa

Mkuu, umeuliza kama ni wakati wa kununua hisa za ile kampuni inayouza programu ya kutibu sonona kwa kompyuta, maana bei imeporomoka, taasisi ya afya ndiyo kwanza imeipendekeza programu yao, na waliokujibu kabla yangu wanasema ukichelewa utajuta. Nimeshika hisa za kampuni za aina hii kwa miaka, nyingine nimeuza, nyingine ninazo hadi leo. Nitakujibu kwa kirefu, uvumilie.

Bidhaa yenyewe si utapeli, hilo tuliweke kando. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa MIT alitangaza ELIZA, programu iliyojifanya mtaalamu wa saikolojia kwa kumrudishia mtu maneno yake mwenyewe kama swali, na yeye mwenyewe alishtuka kuona watu wanavyoifungulia moyo. Zinazouzwa sasa zina msingi mzito zaidi: tiba ya utambuzi na tabia, inayomfundisha mtu kubadili fikra na mazoea yanayomwumiza, ambayo ina somo, zoezi, kazi ya nyumbani na kipimo cha maendeleo, kwa hiyo inaingia kwenye kompyuta bila kulazimishwa. Beating the Blues ya Uingereza, kwa mfano, ilikuwa na vipindi 8 vya kama dakika 50, kimoja kwa wiki, vyenye video za watu wanaoeleza hali zao na mazoezi ya kufanya kabla ya kipindi kijacho.

Mwekezaji akisikia hivyo anapiga hesabu haraka. Mtaalamu mmoja anaona wagonjwa wachache kwa siku na foleni ni ya miezi. Programu imetengenezwa mara moja, haichoki, na kila leseni mpya inayouzwa ni karibu faida tupu. Nami nilipiga hesabu hiyo hiyo, na bado naona haina kosa. Ila haisemi ni nani atakayetoa pesa, kwa bajeti gani, na kama mwakani atatoa tena.

Hapo ndipo naona uzi huu umeteleza. Watu wanachukulia pendekezo la taasisi ya afya kama oda. Tazama yaliyotokea Uingereza. Februari 2006 NICE, taasisi inayoiongoza NHS (huduma ya afya ya umma ya Uingereza) kuhusu tiba zipi zinafaa, ilipendekeza programu mbili kwa majina: Beating the Blues kwa sonona ya kiwango kidogo na cha kati, na FearFighter kwa hofu kali. Nyuma ya Beating the Blues kulikuwa na Ultrasis, ambayo hisa zake ziliuzwa hadharani London kwa peni chache, kwa hiyo watu wa kawaida wenye akiba ndogo waliweza kuingia. Kwa mwanahisa, kutajwa kwa jina na NICE kulisikika kama mlango wa nchi nzima kufunguliwa. Kumbe NHS haikuwa mnunuzi mmoja. Chini yake, England peke yake, kulikuwa na mamlaka za afya za maeneo zaidi ya 150, kila moja na mkuu wake, bajeti yake na vipaumbele vyake. Muuzaji alipaswa kubisha hodi moja baada ya nyingine.

Halafu mwaka 2009 NICE ikatoa mwongozo mpya wa sonona. Tiba ya kompyuta ilibaki ndani yake, safari hii kama aina ya huduma, bila kutaja bidhaa ya kampuni yoyote. Soma tena hapo, maana wengi wanaporuka sehemu hii ndipo pesa zinapopotea. Ulinunua hisa kwa sababu jina la bidhaa yako liliandikwa na serikali. Miaka mitatu baadaye huduma inaendelea kupendekezwa, ila jina lako halipo, na Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia kilikuwa na MoodGYM, programu ya tiba hiyo hiyo iliyokuwa inatumiwa bure mtandaoni. Unamwambiaje mnunuzi wa hospitali alipie?

Kuna swali la pili ambalo kampuni hizi hazipendi kuulizwa: wanaoanza, wangapi wanamaliza? Mwaka 2015 jarida la BMJ lilichapisha jaribio lililoitwa REEACT, lenye wagonjwa 691 wa sonona waliokuwa wakihudumiwa na madaktari wa kawaida. Baadhi walipewa Beating the Blues, baadhi MoodGYM, baadhi waliendelea na huduma ya kawaida tu. Baada ya miezi minne programu hazikuonyesha faida ya ziada juu ya huduma ya kawaida. Lakini namba iliyonikaa kichwani ni nyingine: mtu wa katikati kwenye kundi la Beating the Blues alimaliza vipindi 2 kati ya 8. Mtu mwenye sonona anashindwa hata kuamka kuoga, halafu unamtaka akae peke yake mbele ya skrini wiki nane mfululizo. Tafiti ambazo mgonjwa ana mtu wa kumpigia simu na kumfuatilia zimekuwa na matokeo bora zaidi, na wewe kama mwekezaji ujue kwamba mtu huyo wa kupiga simu analipwa mshahara. Ile "karibu faida tupu" inaanza kupungua.

Niliwahi kuhudhuria mkutano mkuu wa mwaka wa kampuni mojawapo, sitaitaja. Wanahisa tulikuwa wachache, wengi wetu wastaafu wenye mafaili ya karatasi mapajani. Nikainua mkono: katika leseni mlizouza mwaka jana, ni wagonjwa wangapi waliomaliza programu? Mkurugenzi wa fedha akamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akajibu kwamba idadi ya watumiaji waliosajiliwa imeongezeka kwa kiwango cha kuridhisha. Nikarudia swali langu neno kwa neno, akajibu vile vile neno kwa neno, na mzee mmoja nyuma yangu akacheka kwa sauti.

Jibu la kweli nililipata wakati wa mapumziko, kutoka kwa kijana wa mauzo ambaye nadhani hakujua mimi ni nani. Alisema wateja wengi wananunua mwisho wa mwaka wa fedha, kukiwa na salio la bajeti ambalo lisipotumika linarudi. Wananunua leseni mia, wanaweka nywila kwenye bahasha, bahasha inaingia kwenye droo ya mtu ambaye kazi yake ni nyingine kabisa. Mwaka unaofuata wanaulizwa kama watahuisha mkataba, wanafungua droo, bahasha iko pale pale haijafunguliwa. Tangu siku hiyo nikisoma taarifa za fedha za kampuni hizi sianzii kwenye mapato. Naanzia kwenye mikataba iliyohuishwa. Kama hawaisemi kabisa, hilo nalo ni jibu.

Usije ukadhani ni mambo ya zamani au ya Waingereza tu. Marekani wamefanya kwa ukubwa zaidi na kuanguka kwao kumekuwa kwa ukubwa zaidi. Pear Therapeutics walikuwa wa kwanza: mwaka 2017 programu yao ya reSET, ya kusaidia wenye uraibu, iliidhinishwa na FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, na daktari akaweza kuiandika kama anavyoandika dawa. Desemba 2021 wakaingia soko la hisa la Nasdaq kwa thamani ya takriban dola bilioni 1.6. Mapato yao ya mwaka 2022 yalikuwa dola milioni 12.7. Aprili 2023 wakaomba kinga ya mufilisi, na mali zao zikapigwa mnada kwa kama dola milioni 6. Madaktari waliandika, wagonjwa wengine walitumia, lakini kampuni za bima ziligoma kulipia sehemu kubwa ya kilichoandikwa. Akili Interactive nao, wenye mchezo wa kompyuta kwa watoto wenye shida ya umakini ulioidhinishwa na FDA mwaka 2020, waliingia sokoni 2022 kwa thamani ya karibu dola bilioni moja, na mwaka 2024 wakanunuliwa kwa senti 43 na ushee kwa hisa.

Kwa hiyo mtu akikuambia "imeshaidhinishwa", mwulize imeidhinishwa na anayelipa au na asiyelipa.

Wanaolipa wapo, na tuwe wa haki. Ujerumani ilipitisha sheria mwaka 2019 inayomruhusu daktari kuandika programu za afya, na bima ya umma inalipa. Ila kuna kona: mwaka wa kwanza mtengenezaji anajipangia bei, baada ya hapo bei inajadiliwa na mifuko ya bima, na mara nyingi inashuka. Ukiona kampuni ina mapato mazuri ya Ujerumani, angalia ni ya bei ya mwaka wa kwanza au ya bei iliyojadiliwa. Marekani, Medicare, bima ya serikali ambayo hasa ni ya wazee, ilianza Januari 2025 kuwa na malipo maalumu kwa vifaa vya kidijitali vya tiba ya akili vilivyoidhinishwa. Na Talkspace, japo wao wanatumia wataalamu binadamu kwa njia ya simu, hisa zao zilishuka chini ya dola moja mwaka 2022, kisha wakapata nafuu walipogeukia kulipwa na bima badala ya kumtegemea mgonjwa atoe mfukoni. Ndio maana nasisitiza mlipaji.

Kuhusu hoja ya ndugu aliyesema humu kwamba akili mnemba itapandisha sana bei ya hisa hizi, mimi naiona kinyume. Mtu akiwa na huzuni saa nane usiku leo, anaongea na roboti ya mazungumzo ya jumla aliyonayo tayari kwenye simu, bure. Woebot, roboti iliyojulikana sana kwenye tiba ya akili, ilifunga programu yake Juni 2025. Kampuni inayofuata taratibu zote za usalama inashindana na zile ambazo hazikusajiliwa kama tiba kabisa. Mzigo wa gharama uko upande mmoja tu.

Sasa mambo ya hisa zenyewe, ambayo kwa mwekezaji mdogo ni hatari kuliko hata sayansi. Kampuni inayopata hasara kila mwaka inaishi kwa kuuza hisa mpya. Chukua mfano: una hisa 100,000 katika kampuni yenye hisa milioni 500. Asubuhi moja unaamka unakuta wametoa nyingine milioni 250 kwa wawekezaji wakubwa, kwa bei ya chini kuliko ya soko, wewe hukualikwa. Umiliki wako umetoka asilimia 0.02 hadi 0.013 na hujauza hata moja. Wakirudia mara mbili, kampuni inaweza kukua kweli na wewe ukabaki na hasara. Kabla ya kununua chukua pesa walizonazo benki, gawanya kwa hasara yao ya mwezi, upate miezi iliyobaki. Ikiwa ni chini ya kumi na miwili, hisa mpya zinakuja, na afadhali uzisubiri.

Na hizi hisa za bei ndogo huwa hazina wanunuzi wengi. Unaweza kukuta bei ya kununua ni 1.2 na ya kuuza ni 1.0. Ukinunua tu, dakika hiyo hiyo umeshapoteza moja ya sita ya pesa yako, bila kuhesabu ada ya dalali.

Kingine, na hili naliandika kwa heshima. Wengi wanaonunua hisa hizi wameguswa. Wamewahi kuumwa, au wana mke, mama, mtoto aliyepitia sonona, na wanataka kampuni ishinde. Naelewa, familia yangu haikusalimika. Lakini nimeona watu wakishindwa kuuza kwa sababu kuuza kulionekana kama kumsaliti mgonjwa. Ukitaka kuwasaidia wagonjwa changia shirika linalowahudumia, na akaunti ya hisa ibaki ya hesabu.

Siri za wagonjwa nazo usizisahau. Mwaka 2023 tume ya biashara ya Marekani iliitaka BetterHelp, kampuni ya tiba ya akili mtandaoni, ilipe dola milioni 7.8 kwa kupeleka taarifa za watumiaji kwa watangazaji kama Facebook. Tukio kama hilo kwa kampuni ndogo linaweza kuwa ndio mwisho.

Mimi nimebaki na kampuni moja tu ya aina hii, kwa kiasi kidogo ambacho kikipotea nitalala. Inalipwa na waajiri na bima kwa mikataba ya miaka kadhaa, na inataja kwenye taarifa zake ni mikataba mingapi imehuishwa. Zile zilizokuwa zinategemea habari ya kuidhinishwa niliziuza siku habari yenyewe ilipotoka, maana siku hiyo ndiyo yenye wanunuzi wengi.

Uliuliza pia kama uingie sasa au usubiri taarifa ya nusu mwaka. Ningekuwa wewe ningesubiri. Wakati unasubiri mwandikie katibu wa kampuni barua pepe, umwulize mambo mawili tu: kati ya wateja wa mwaka juzi wangapi wamehuisha, na kati ya wagonjwa walioanza wangapi wamemaliza. Wakikujibu kwa namba, ilete hapa tuichambue pamoja. Wakikujibu habari za "watumiaji waliosajiliwa", utakuwa umeshajua.