Jibu: uanzie wapi na The Crucible

Mdogo wangu, umesema mtihani uko karibu na tamthilia ya The Crucible ya Arthur Miller imekuchanganya kwa wingi wa majina. Achana na majina yote bana, shika wachache tu, John Proctor, mkewe Elizabeth, Abigail, Tituba, mchungaji Hale na jaji Danforth. Alafu sehemu ya tatu isome mara mbili, pale Elizabeth, mama ambaye mumewe John kaapa kwamba mkewe hajawahi kusema uongo, anadanganya mahakamani kwamba John hakuzini na Abigail, ili amlinde, na huo uongo ndo unammaliza John kabisa, mi naona tamthilia nzima imebebwa hapo. Jua pia ilitoka 1953, kipindi Marekani watu wanaitwa kwenye kamati ya bunge kutaja wakomunisti, ndo maana Miller akazirudia kesi za uchawi za 1692 za Salem, mji wa huko huko Marekani, ambako ukikiri uchawi na kutaja wenzako unapona, ukikataa unanyongwa. Ila usiinukuu kama historia, Abigail wa kweli alikuwa katoto ka miaka 11 au 12 na Proctor mzee wa kama 60, yale mapenzi ya Abigail na Proctor kayatunga Miller. Filamu ya 1996 iangalie ukishamaliza kitabu, sio kabla.